Sofa Haiingii Kabatini

Ofisi imeniomba niwaandikie nyinyi wachumi wapya maneno machache ya kuwatia moyo. Wameniambia nieleze nilivyofanya kazi ya kukadiria athari za kodi kwa uchumi, yasizidi kurasa nne, nisitaje majina ya wakubwa, na yawe ya kufurahisha. Kurasa nne nitajitahidi. Majina ya wakubwa nimeyasahau kwa hiari yangu. Hilo la kufurahisha mtaamua wenyewe.

Kwanza niwaeleze mmeajiriwa kufanya nini, maana najua kwenye mahojiano hamkuambiwa. Mtu fulani huko juu huandika mswada wa kodi. Anataka, tuseme, sabuni itozwe zaidi. Kazi yenu ni kusema, kabla wabunge hawajapiga kura, kitatokea nini: serikali itapata kiasi gani, bei itapanda vipi, nani ataacha kununua, nani atafunga duka na nani ataandikwa kazi. Kwa kifupi, mnatabiri. Mganga yule aliyebandika karatasi yake kwenye mlingoti wa stima hufanya kazi hiyo hiyo, ila yeye huacha namba ya simu, na mteja asiporidhika anajua pa kumpata.

Mimi niliifanya miaka ishirini na minane, mingi yake Upper Hill, ghorofa ya tisa, kwenye dirisha linalotazama maghorofa mengine yenye watu wengine wanaotabiri.

Aliyenifundisha ni Mzee Jaswant, Kalasinga mzaliwa wa Ngara, mwenye kilemba cha buluu na subira ya kiasi. Kando ya meza yake palikuwa na kabati la chuma ambalo wageni walidhani ni la faili. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni, betri mbili, kiberiti, dawa ya mbu, chupa ya soda (tupu, kwa sababu aliinywa) na takataka nyingine za namna hiyo. Kila kitu kilichowahi kupendekezwa kutozwa kodi kilikuwa humo. Sheria ya Mzee Jaswant ilikuwa moja: hakuna kushika kalamu mpaka kitu kiwe kabatini, umekinunua kwa pesa yako mwenyewe, na umeongea na aliyekuuzia.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii mbili, kwa hiyo niliona sheria hiyo ni ya kizee. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa wa kodi ya nywele za bandia. Nilichukua idadi ya pakiti zinazoingia nchini, nikazidisha kwa kodi mpya, nikapata jumla nzuri sana. Nikampelekea wakati wa chai ya saa nne, nikitarajia andazi la pongezi.

Mzee Jaswant aliisoma karatasi, kisha akakitazama kichwa changu.

"Hiyo kichwa yako imesukwa na pakiti ngapi?"

"Tatu."

"Na bei ikipanda?"

Nikafikiria mshahara wangu. "Nitasuka na mbili."

"Sawa. Sasa hapa kwa karatasi yako, hiyo pakiti ya tatu nani amenunua?"

Hiyo ndiyo elimu yote ya uchumi, vijana. Iliyobaki ni mapambo. Alinituma nikanunue pakiti sokoni, nikae kwa msusi, nimuulize. Nilirudi na pakiti bila jibu la maana kwa sababu nilikuwa nimemuuliza vibaya. Nilimwambia, "Kodi ikipanda itakuathiri vipi?" Mama wa watu akalia nusu saa, na ningelikuwa na pesa zaidi ningelimwachia zote. Mzee Jaswant akanirudisha. Aliniambia usimuulize mtu kodi itamfanya nini, maana hakuna Mkenya atakayekuambia itamfanya vizuri. Muulize bei ilipopanda mara ya mwisho alifanya nini. Hapo hatakuwa na nafasi ya kulia, atakumbuka tu. Na kweli, msusi alikumbuka: wateja walianza kusukana wao kwa wao nyumbani Jumapili, naye akamwachisha kazi mmoja wa wasaidizi wake. Aliyelipia nywele zile alikuwa msaidizi ambaye hata jina lake halikuwa kwenye daftari letu.

Mengine niliyojifunza nitayataja kwa haraka. Vueni kitambulisho cha kazi kabla ya kuingia sokoni, la sivyo bei zote zitapanda mbele ya macho yenu. Andikeni makadirio kama "kati ya hiki na kile", ingawa nawaonya kwamba wakubwa hawapendi neno "kati". Mkubwa anataka namba moja, ikiwezekana yenye nukta, kwa sababu nukta huonekana kama utafiti. Na msiwaamini watu wanaowaambia jambo fulani ni "kwa jumla". Nitalirudia hilo.

Mzee Jaswant alistaafu akaniachia kabati na ufunguo. Muda si mrefu ikaja modeli, programu ya kompyuta ya kukadiria uchumi. Mnaijua, bado mnaitumia. Ililetwa na mshauri wa kutoka ng'ambo aliyekaa miezi mitatu katika fleti ya Kileleshwa na kwenda kila mahali kwa gari la ofisi, hivyo akaifahamu nchi vizuri sana kupitia kioo. Modeli ilikuwa na uwezo wa ajabu. Uliandika kodi huku, ikakutolea ajira kule, hadi nukta ya tatu, katika nchi ambayo hakuna anayejua kuna mama mboga wangapi kati ya Kileleshwa na Kawangware. Nilimuuliza mshauri nukta ya tatu ni sehemu gani ya mtu. Akacheka, akaandika kwenye ripoti yake kwamba nahitaji mafunzo.

Nilipata mafunzo. Nikaizoea modeli, nikaipenda, na nitawaambia kwa nini: haikuhitaji kutoka nje kwenye jua.

Ndipo ukaja mswada wa samani. Ulikuwa na mambo matatu, yafuateni maana ndiyo mwili wa hadithi hii. Kwanza, viti, meza na vitanda vinavyotoka nje vikiwa vimekamilika vitozwe kodi kubwa, ili Wakenya wanunue vya mafundi wao. Vizuri. Pili, vifaa vya kutengenezea samani vinavyotoka nje navyo vitozwe. Tatu, samani zinazokuja ndani ya maboksi zikiwa vipandevipande zisamehewe kodi, kwa sababu kuna Mkenya atakayeajiriwa kuziunganisha. Mwandishi wa kifungu hicho cha tatu alikuwa na huruma nyingi kwa ajira, na rafiki mmoja mwenye ghala.

Kijana mmoja wa idara yangu aliuliza kama tutanunua sofa. Wote tukacheka. "Sofa haiingii kabatini," nikasema, na nikajiona nimesema jambo la kuchekesha. Tulikata picha ya sofa gazetini, tukaibandika ndani ya mlango wa kabati, tukahesabu kwamba sheria ya Mzee Jaswant imetimizwa. Hakuna aliyekwenda kuongea na fundi yeyote.

Nisikilizeni vizuri hapa. Mimi naishi Jamhuri. Kila asubuhi nilipita Ngong Road, na pale kando ya barabara mafundi walikuwa wamepanga viti vyao hadharani, vikipigwa na vumbi, na mimi nikipita mbele yavyo kwenda ghorofa ya tisa kuiuliza kompyuta mafundi hao wanafanya nini. Mmoja wao alinitengenezea sofa la sebuleni kwangu. Jina lake Ainea, mtu wa Vihiga, mrefu, mwenye kalamu ya risasi sikioni na watu watatu wa kazi chini ya mabati yake. Sofa lake watoto wangu walilirukia miaka kumi likakataa kuvunjika.

Modeli ikasema mafundi wa nchini watapata kazi zaidi. Niliandika hivyo. Kurasa hamsini na tisa, jalada la kijani.

Jumamosi baada ya kuikabidhi ripoti kwa mkurugenzi, nilimpelekea Ainea sofa langu abadilishe kitambaa. Moyo wangu ulikuwa mweupe. Nilijisikia kama mtu aliyeficha zawadi.

"Fundi, mwaka ujao utaniita mtu wa maana," nikamwambia. "Kuna sheria inakuja. Viti vya nje vitakuwa bei ghali. Watu watakuja kwako."

"Kweli, mama Nekesa? Hiyo ni poa sana." Nekesa ni binti yangu. Ainea alikuwa akilegeza misumari ya kitambaa cha zamani. "Na hii sponji je?"

"Sponji ipi?"

Akaacha misumari. Aliligeuza sofa miguu juu, akachana kitambaa cha chini, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuviweka chini kwenye vumbi mbele yangu. Hakuwa na hasira. Alifanya kama mtu anayemwonyesha mtoto ndani ya redio.

"Mbao ni yetu, inatoka huko juu Molo. Haya. Sponji, dawa yake inatoka nje. Springi, nje. Hii kitambaa, nje. Pini za hii bunduki ya kubana kitambaa, nje. Gundi, nje. Ile kabati nilikutengenezea, reli za droo, nje. Hizi zote ziko kwa hiyo sheria yenu?"

Zilikuwemo. Kifungu cha pili. Nilikuwa nimekisoma mara nyingi, na modeli ilikuwa imekisoma pia, lakini katika modeli "fundi wa nchini" alikuwa mtu anayetengeneza kiti cha nchini kwa vitu vya nchini, labda kwa mate yake.

"Na zile za boksi?" akauliza. "Zile watu wanaunganisha na kale kaspana?"

"Hizo zimesamehewa."

Ainea akaangalia vitu vyake pale chini. Kisha akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa na heshima ile ile ya siku zote, jambo lililonifanya nijisikie vibaya zaidi.

"Basi mama, hiyo si sheria ya kunisaidia. Mimi ndio unafunga. Tafadhali waambie."

Nikamwambia nitawaambia. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikahesabu upya, kwa kalamu, mezani. Nilimpigia simu fundi mwingine wa kule Dagoretti Corner, na mwenye duka la sponji mjini, nikawauliza bei ilipopanda mara ya mwisho walifanya nini. Jumapili jioni nilikuwa na karatasi moja, imeandikwa kwa mkono pande zote mbili. Mafundi wa barabarani hawangepata kazi zaidi. Wengi wangefunga.

Jumatatu saa mbili nilikuwa mlangoni kwa mkurugenzi. Alisoma upande mmoja wa karatasi.

"Madam, hii ripoti ishaenda kwa printa. Kamati ni Alhamisi. Nikawaambie nini, kwamba kuna fundi wa Ngong Road amepindua sofa?"

"Ndiyo, sir. Hivyo hivyo."

Akacheka, si kwa ubaya. Alikuwa mtu mzuri, alinitumia maua mume wangu alipolazwa. "Wacha nikusaidie. Iweke kwa kiambatisho. Watakaotaka kujua watasoma."

Nami nikakubali. Vijana, kiambatisho ni pale mwishoni mwa ripoti, baada ya faharasa ya vifupisho. Ukweli wangu uliwekwa ukurasa wa sitini na moja, herufi ndogo, chini ya kichwa "Mambo mengine ya kuzingatia". Nilijiambia kwamba umeandikwa, na kilichoandikwa kimeandikwa. Nilijisifu kidogo hata.

Alhamisi tuliteremka mjini, kwenye ukumbi wa kamati ya Bunge. Nilikaa nyuma ya mkurugenzi, mkoba mapajani, na ile karatasi ya mkono ndani ya mkoba. Sijui kwa nini niliibeba. Wajumbe walifungua jalada la kijani, wakatazama picha, wakaomba chai. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mkali, mwalimu wa zamani, na yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana.

"Kwa lugha rahisi," akasema, "kuna fundi wetu hata mmoja ataumizwa na hii sheria?"

"Makadirio yanaonyesha manufaa kwa jumla, Mheshimiwa," akajibu mkurugenzi.

Niliwaahidi kulirudia neno hilo. "Kwa jumla" ni pale unapochukua hasara ya Ainea na faida ya mwenye ghala, ukazikoroga kwenye sufuria moja, ukaonja, ukasema ni tamu.

Mwenyekiti hakuridhika. Akatazama mstari wetu wa nyuma, uso baada ya uso, akanifikia mimi. "Wataalamu wenyewe, kuna nyongeza?"

Mkurugenzi alikuwa akitazama saa yake. Nilikuwa nimebakisha miaka miwili nistaafu, na Nekesa alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba, umeshika karatasi. Ningesimama, ningesema maneno kumi. Yule mama angenisikiliza, nilimwona machoni kwamba angenisikiliza.

Nikatikisa kichwa.

Naona haya kuyaandika haya, lakini mmetaka kumbukumbu za kazi, na hii ndiyo kumbukumbu niliyo nayo. Zile nyingine zote ni za kufurahisha. Mkija kuwa na karatasi mkobani siku mtu anapouliza kama kuna nyongeza, itoeni. Mtanuniwa, mtahamishiwa idara ya takwimu za mifugo, lakini mtalala.

Sheria ikapita na vifungu vyake vyote vitatu. Mwaka uliofuata tukatakiwa tuandike ripoti ya ufuatiliaji, kuona kama utabiri wetu ulitimia. Mtafurahi kusikia ulitimia. Maghala ya samani za maboksi yalikuwa yameajiri waunganishaji, na makarani wao wakatutumia orodha safi zenye majina, namba za vitambulisho na tarehe za kuanza kazi. Mafundi wa barabarani waliofunga hawakutuma orodha. Fundi wa chini ya mabati hakuwahi kuandikishwa popote alipofungua, kwa hiyo hakuna mahali pa kuandika kwamba amefunga. Faida ilikuja na vyeti, hasara haikuja kabisa. Mimi nilizichukua orodha za maghala, sikusoma majina, nikahesabu mistari, nikaandika jumla chini ya "ajira mpya". Modeli ikakubali hadi nukta ya tatu. Siku niliyostaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba iliyoitaja ripoti hiyo.

Nilikuwa nimeona mabati ya Ainea yameng'olewa pale Ngong Road. Nilijiambia labda amehamia kwingine, mafundi huhama.

Mwaka huu Nekesa, ambaye sasa anakaa Kileleshwa na ana mtoto, alimnunulia mtoto kitanda cha boksi. Aliniomba nikae pale fleti nimsubiri mtu wa kukiunganisha, maana yeye alikuwa kazini. Kengele ikalia saa tano. Mlangoni alisimama mtu mrefu aliyevaa fulana ya kampuni, boksi begani, kalamu ya risasi sikioni.

"Mama Nekesa!" akasema Ainea. "Kumbe ni wewe! Habari ya siku mingi?"

Nikamkaribisha, nikampa chai. Tuliulizana habari za watoto. Akapanga vipande sakafuni, akatoa kale kaspana kadogo kanakokuja ndani ya boksi, akapiga magoti. Mikono ile iliyotengeneza sofa la miaka kumi ilikuwa ikizungusha skrubu kwenye ubao wa unga wa mbao, ikifuata picha za karatasini, moja, mbili, tatu.

Baadaye akaniuliza bila kuinua kichwa. "Mama, ile Jumamosi nilikugeuzia sofa. Uliwaambia?"

"Niliandika," nikasema. "Iko ndani ya ripoti. Ukurasa wa sitini na moja."

"Sawa." Akakaza skrubu nyingine. "Uliandika. Lakini naulizia kama uliwaambia."

"Hapana, Ainea. Sikuwaambia."

Alichukua kipande kingine. Kisha akaniomba nimshikie ubao wa kichwani ili aufunge vizuri, nami nikapiga magoti upande wa pili nikaushika. Nilimwomba msamaha pale chini. Akasema ni sawa, mama, maisha ni kusonga. Wale watu wake watatu, wawili walirudi Vihiga na mmoja hajui aliko.

"Na wewe ulianza lini hii kazi?" nikamuuliza.

"Ule mwaka tu sheria ilianza. Hiyo ghala, mimi ndio walichukua wa kwanza."

Nilipofika Jamhuri nilitoa nakala yangu ya ripoti ya ufuatiliaji na zile orodha za maghala, safari hii nikasoma majina. Yumo, mstari wa kwanza. Nilimhesabu mwenyewe, kwa mkono wangu, upande wa faida.